Kuhama Si Dawa

Ilikuwa saa tatu na robo usiku wakati taa moja kwenye kisanduku cheupe kilichopigiliwa ukutani kwangu ilipoanza kuwaka nyekundu. Chini yake pameandikwa herufi tatu, LOS, na anayelipia faiba nyumbani hahitaji kuelezwa maana yake: mwanga umekatika, kisanduku hakiioni tena kampuni na kampuni haikioni kisanduku. Binti yangu, aliyekuwa akipakua karatasi za marudio ya mtihani, alifunika kompyuta bila kusema neno. Mimi nilikuwa nimebakisha kurasa nne za tafsiri ambazo mteja alizitaka kabla ya saa sita. Nikapiga simu ya huduma kwa wateja, nikasikilizishwa muziki kwa dakika 22, nikapewa namba ya malalamiko na ahadi kwamba fundi angefika ndani ya saa 24. Fundi alifika siku ya sita.

Katikati ya siku hizo nilikutana ngazini na mzee wa ghorofa ya juu, mtu ninayemheshimu sana. Nikamwamkia, akaniuliza mbona uso umekunjamana. Nilipomweleza akanionea huruma. “Mwanangu, mbona wajitesa? Hama! Siku hizi kampuni tele.” Nikamwambia, “Nimekusikia, baba,” nikapita. Lakini neno lile lilinikaa rohoni, kwa sababu si lake peke yake. Nimelisikia redioni, nimelisoma kwenye kundi la WhatsApp la jengo letu, nimelisikia kwa mafundi wenyewe na kwa watu waliosoma uchumi wakauelewa. Intaneti ikikusumbua, hama. Soko ni huria, mteja ni mfalme, kampuni ikikimbiwa itajirekebisha. Anayelalamika badala ya kuhama huhesabiwa mpenda shari.

Nasema jibu hilo ni la makosa. Na ubaya wake mkubwa ni kwamba limetusahaulisha kudai kitu ambacho tayari ni haki yetu.

Nianze na ukweli ulio upande wao, maana upo. Kabla ya mwaka 2009, Afrika Mashariki yote ilitegemea satelaiti za zamani kuifikia dunia, na intaneti ya nyumbani ilikuwa ya mabalozi na matajiri. Mwaka huo nyaya za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zikatua hapa Mombasa. EASSy ikafuata mwaka 2010, LION2 mwaka 2012, PEACE mwaka 2022. Kampuni zikaongezeka, zikagombania wateja, bei zikashuka. Leo mwalimu wa shule ya msingi anaweza kuwa na faiba nyumbani kwake. Sibishani na hilo hata kidogo. Ninachosema ni kwamba ushindani huo umenipunguzia bei ya kifurushi, lakini haujamlazimisha mtu yeyote kunirudishia siku nilizolipia nikazikosa.

Sasa wanaponiambia nihame, nihamie wapi?

Naishi Kisauni, kwenye jengo la nyumba 16. Kuta zetu zimetobolewa na kampuni moja tu. Ya pili ilikuja mwaka juzi, ikafika mpaka getini, mwenye nyumba akakataa wasitoboe tena. Nyaya zake hadi leo zimekunjwa duara juu ya nguzo ya barabarani, kama kamba ya ng'ombe aliyeuzwa. Nikiamka leo niseme nahama kampuni, ukweli ni kwamba itanibidi nihame nyumba: nitafute dalali, nilipe kodi ya mwezi wa kwanza na amana, nimhamishe mtoto shule, yote kwa sababu ya taa nyekundu. Wapangaji wa Nairobi, Kisumu na Nakuru wananielewa. Katika majengo mengi uamuzi wa nani aingize faiba haufanywi na anayelipa bili. Unafanywa na mwenye nyumba au msimamizi wake, na mpangaji hukuta mambo yamekwisha.

Hata palipo na kampuni mbili, tatu, hebu inua macho barabarani uangalie nguzo. Nyaya zote zimebebwa na nguzo hiyo hiyo ya umeme, zimefungwa pamoja kama kuni. Mvua za masika zilipoiangusha nguzo moja mtaani kwetu, kampuni iliyo kwenye jengo letu ilizimika, na ile ya majirani wa ng'ambo ya barabara ikazimika nayo saa ile ile. Tingatinga la wachimba barabara halisomi jina lililoandikwa kwenye waya kabla ya kuukata.

Baharini ni vivyo hivyo. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na nchi kadhaa za ukanda huu, Kenya na Tanzania zikiwamo, zikazorotewa na intaneti. Miezi mitatu kabla, Februari, SEACOM na nyaya nyingine mbili zilikuwa zimekatika katika Bahari ya Shamu. Mtu aliyehama kampuni Ijumaa, Jumapili ile alijikuta amebadilisha jina kwenye bili, hakubadilisha waya ulioko chini ya maji. Kweli, zipo kampuni zilizokuwa zimejiwekea njia ya pili na ya tatu, zikanyanyuka upesi kuliko wenzao. Lakini mnunuzi angejuaje? Sijawahi kuona tangazo hata moja linalosema: sisi tuna njia tatu za kutoka nje, na moja ikikatika utabaki na kasi hii. Tangazo hukwambia megabiti 20. Tena halisemi 20, linasema “hadi 20”, na neno hilo “hadi” ndilo linalobeba mzigo wote. Sifuri nayo imo ndani ya hadi 20.

Hapa nataka nikae kidogo, maana hapa ndipo hoja ya kuhama inapovunjika kabisa.

Faiba ya nyumbani haiji kwako peke yako. Mwanga hutoka kwenye mtambo wa kampuni kwa uzi mmoja, ukifika mtaani hugawanywa na kifaa kidogo kisichotumia hata umeme, ukaenda nyumba 32 au 64. Uzi huo kwa mfumo uliozoeleka hubeba karibu megabiti 2,500 kwa sekunde. Zigawe kwa nyumba 64, kila moja hupata karibu megabiti 39 hata wote wakitumia kwa wakati mmoja. Kwa hiyo uzi wa mtaani si mchoyo. Uhaba huanzia nyuma yake, pale kampuni inapowauzia watu jumla ya kasi kubwa kuliko iliyonunua yenyewe, kwa hesabu kwamba si wote watakaofungua bomba kwa pamoja. Hesabu hiyo si wizi. Bila kugawana, hakuna ambaye angeimudu bei. Tatizo ni kwamba anayejua imegawanywa kwa wangapi ni muuzaji peke yake. Ndiyo maana kampuni mpya ikiingia mtaani huwa tamu kama asali kwa miezi mitatu ya kwanza: wateja wachache, bomba pana. Sifa zinaenea, watu wanahama kwa makundi, bomba linajaa, na ikifika saa mbili usiku video ya mtoto inazunguka duara bila kufunguka. Kisha wanaanza kuambiana tena: hama.

Kwa hiyo kuhama kwenyewe ni sehemu ya ugonjwa. Tunahamisha msongamano kutoka nyumba moja kwenda nyingine, kila mara tukilipa ada ya kuunganishwa, tukiacha nyuma kisanduku kisichofanya kazi kwa kampuni nyingine, na siku kadhaa tulizokwisha kuzilipia.

Atakayedhani jambo hili ni la faiba tu akumbuke yaliyotokea kwa Starlink. Ilipoingia Kenya Julai 2023, wengi tuliiona kama mkombozi: hakuna nguzo, hakuna mwenye nyumba wa kukataza kutoboa ukuta, sahani tu juu ya paa. Vifaa vyake vilianza kwa zaidi ya shilingi 80,000, kisha bei ikateremka na mpango wa kuvikodi ukaletwa. Kwa wafugaji wa Marsabit na shule za Tana River ambao faiba haijawafikia, imekuwa neema ya kweli, na atakayeibeza hajaishi huko. Lakini Nairobi watu walihamia kwa wingi hivi kwamba kufikia Novemba 2024 kampuni ilisimamisha kupokea wateja wapya jijini na katika kaunti za jirani, kwa sababu uwezo ulikuwa umejaa. Mbingu nzima, na bado ikajaa. Ikiwa satelaiti maelfu hazikuweza kuipokea Nairobi ikihama, ni kampuni gani ya mtaani itakayoweza?

Njia nyingine nimezijaribu kwa mfuko wangu. Bando za simu hunisaidia siku ya dharura, lakini nyumba ya watu wanne inayosoma na kufanya kazi hummaliza mtu kwa bando. Katika zile siku sita nilitumia shilingi 1,400, nikawa nimenunua intaneti mara mbili kwa siku hizo hizo. Rauta ya laini ya simu ilikuwa nzuri asubuhi na mbovu jioni, kwa sababu ile ile ya bomba kujaa.

Aliyenigusa zaidi ni kijana mwenye kibanda cha M-Pesa nyuma ya msikiti. Ananunua intaneti ya jumla, amefunga antena juu ya bomba la chuma, anauza vocha za shilingi 10 kwa saa na vifurushi vya mwezi kwa bei ambayo mama muuza mahamri anaweza kuilipa. Ukimpigia simu anakuja mwenyewe, kwa miguu, na koleo mkononi. Mitandao ya namna hii inastahili kuheshimiwa. Kibera ipo TunapandaNET, ambayo ni ya jamii yenyewe, na mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliweka utaratibu wa leseni maalumu kwa mitandao ya jamii. Nilipomuuliza kijana wetu kwa nini hukatika, alinionyesha waya wa umeme uliochomekwa dukani. “Mama, stima zikienda, mimi naenda nazo. Na yule anayeniuzia akizima, mimi nitafanya nini? Wateja wananitukana mimi. Yeye hanirudishii hata shilingi.” Nikatambua kwamba kumbe yeye na mimi tuko foleni moja, tumesimama mbele ya dirisha moja lililofungwa.

Dirisha hilo ndilo ninalotaka lifunguliwe. Muuzaji akishindwa kutoa huduma iliyolipiwa, arudishe fedha ya muda huo, bila kuombwa.

Hili si jambo ninalolitunga. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidi alichonunua, na haki ya kufidiwa hasara inayotokana na kasoro ya huduma. Kinasema pia kwamba haki hizo zinahusu huduma za mashirika ya umma na za watu binafsi. Hakuna mahali kifungu hicho kinaposema: au ahame. Waliokiandika hawakumwachia mnunuzi miguu yake peke yake, walimpa dai. Sisi ndio tulioliacha dai likalala kabatini, tukachukua ushauri wa ngazini.

Watetezi wa kuhama watasema: huko ni kuongeza gharama, na gharama itarudi kwa mteja. Nawajibu kwamba gharama ipo tayari, na mteja ndiye anayeilipa tangu zamani. Kifurushi changu ni shilingi 3,000 kwa mwezi, yaani shilingi 100 kwa siku. Siku sita ni 600. Hizo 600 zimelipwa, na huduma haikutolewa. Ndani ya bei hiyo hiyo mna VAT ya asilimia 16 na ushuru ambao Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliuteremsha kutoka asilimia 20 hadi 15, kwa hiyo hata serikali ilichukua sehemu yake ya intaneti ambayo haikuwako. Swali ni nani abebe hasara hiyo: aliye na mafundi, mitambo na mawakili, au aliye na mshumaa na simu inayoishiwa chaji?

Watasema pia: nyaya hukatwa na wezi na wachimba barabara, kampuni haina kosa. Huenda haina. Lakini mimi pia sikukata waya. Kati yetu wawili, kampuni ndiyo inayoweza kumdai mkandarasi aliyekata, kukata bima, au kupitisha waya wa pili upande mwingine wa mtaa. Mimi siwezi hata kumjua mkandarasi huyo kwa jina. Na kampuni ikijua kwamba kila siku ya kiza inaigharimu, itapitisha huo waya wa pili. Leo siku ya kiza haiigharimu chochote. Fundi akichelewa siku tano, kampuni imepata fedha zile zile kwa kazi ndogo zaidi.

Na watasema: wateja watadanganya, kila mtu atadai alikosa mtandao. Hoja hii ndiyo dhaifu kuliko zote, na inaniudhi, maana anayeijua mitambo hiyo hawezi kuitoa kwa nia njema. Taa yangu inapogeuka nyekundu, mtambo wa kampuni hupata habari muda huo huo kwamba kisanduku changu kimetoweka. Huandika saa. Kikirudi, huandika saa. Ushahidi uko kwao. Tena angalieni wanavyoweza kuhesabu wakitaka: kifurushi changu huisha tarehe 14, saa sita usiku. Nisipolipa, saa sita na dakika moja intaneti imekatwa. Haijawahi kuchelewa hata robo saa. Mashine inayojua kuhesabu dakika nisizolipia inajua kuhesabu siku nilizolipia nikanyimwa. Kinachokosekana ni amri ya kuiambia ihesabu pande zote mbili.

Utaratibu kama huo unawezekana, na kwingine upo tayari. Uingereza, tangu tarehe 1 Aprili 2019, kampuni kubwa za intaneti zilikubaliana chini ya msimamizi wao, Ofcom, kumlipa mteja pauni 8 kwa kila siku ikiwa huduma haikurejea baada ya siku mbili kamili za kazi, na pauni 25 fundi asipotokea kwa miadi. Viwango vimepanda tangu hapo. Mteja akisharipoti hitilafu, fedha huingia kwenye bili bila yeye kuzidai. Na huko kuhama ni rahisi kuliko kwetu mara nyingi: tangu Septemba 2024, mteja huiambia kampuni anayoitaka tu, nayo humalizana na ile anayoiacha. Nchi iliyofungua milango yote ya kuhama bado haikuona kwamba kuhama kunatosha. Sisi, ambao mlango wetu umeshikiliwa na mwenye nyumba, tunaambiwa kunatosha.

Ninachodai kwa Mamlaka ya Mawasiliano si kikubwa. Iweke sharti kwamba kila saa 24 za kukatika kwa huduma ya nyumbani ziongezwe kwenye kifurushi cha mteja zenyewe, na asiyetokea kwa miadi alipe. Izilazimishe kampuni kuandika kwenye mkataba kasi ya chini kabisa ya saa za jioni, si ile ya “hadi”. Na izuie mwenye jengo kuwafungia wapangaji kwa kampuni moja. Sharti la kurudisha siku zilizokatika limfikie pia kijana wa kibandani, kwa yule anayemuuzia jumla, ili naye awe na cha kuwarudishia wateja wake.

Mzee wangu wa ghorofa ya juu, nakuheshimu, na najua ulinishauri kwa mapenzi. Lakini wewe pia ulikuwa gizani siku zile sita. Nyumba 16 zilikuwa gizani. Tungedai kwa pamoja, zingekuwa shilingi 9,600 kwa kiwango cha kifurushi changu, kutoka jengo moja, kwa hitilafu moja. Kampuni husikia sauti ya ukubwa huo.

Msomaji, taa yako ikigeuka nyekundu usiku wa leo, kabla ya kupiga simu, andika saa. Omba namba ya malalamiko, uiandike kando yake. Mtandao ukirudi, andika saa ile nayo. Gawa bei ya mwezi kwa siku 30, zidisha kwa siku ulizokosa, uidai kampuni kwa maandishi. Wakikaa kimya, peleka karatasi hiyo hiyo kwa Mamlaka. Mimi yangu nimekwisha kuipeleka. Ninadai shilingi 600, na sijahama.